Unyoya wa Manjano Kitakoni

Hadithi iko mlangoni!

Ifungulieni, iingie!

Hapo kale, kale ya kale, Mnana, ndege mdogo wa manjano, aligundua fundo la kufuma kiota kisichoangushwa na upepo. Hakulificha. Akawafundisha ndege wote kwa sharti hili: ukijifunza, nawe mfundishe mwenzio, ukiongeza ujuzi wako, fuma unyoya wako humo, na wa wenzako usiung'oe.

Mbayuwayu akaongeza tope, akafuma unyoya wake. Chozi, ndege mdogo mfyonza maua, akaongeza utando wa buibui, akafuma unyoya wake. Kunguru akaongeza paa la miiba. Lakini bwana huyu, mniwie radhi, hana haya hata kidogo. Alinyofoa manyoya yote ya wenzake, akabakiza wake tu. Kisha akakibeba kiota hicho kwa Korongo, hakimu wa ndege, kushtaki kwamba ufumaji ule ni wake na Mnana anamwibia.

Korongo akaamuru Mnana asifume hata jani mpaka kesi iishe. Na Mnana alikuwa karibu kutaga, mawingu nayo yameshatanda.

Siku ya kwanza, Kunguru akasema shahidi wake anaumwa.

"Mheshimiwa, mvua inakuja," akasema Mnana. "Nifume?"

"Subiri," akasema Korongo, akabadilisha mguu wa kusimamia.

Siku ya pili, hakimu mwenyewe alikwenda kuvua. Mnana akamfuata hadi kinamasini.

"Mheshimiwa, mvua inakuja. Nifume?"

"Subiri."

Maskini, akataga kwenye panda ya tawi tupu. Hakulala. Kila upepo ukipita, anatetemeka, anayakumbatia mayai kwa mbawa. Upepo mmoja ukamzidi nguvu. Yai likaanguka, jamani, huku analitazama.

Siku ya tatu alimwachia Mbayuwayu mayai, akaenda kwa hakimu. Hakuomba tena kufuma.

"Mheshimiwa, kiota alichokileta Kunguru hapa kama ushahidi anasema ni chake. Basi atoe kilicho cha wenzake, abaki na chake."

Kunguru akacheka, akasema hakuna cha mtu humo. Korongo akatumbukiza mdomo wake mrefu hadi kitakoni mwa kiota, kwenye fundo la kwanza, mahali ambapo mdomo wa Kunguru haukufika. Akakuta unyoya wa manjano, wa Mnana. Akauvuta.

Fundo likafunguka. Utando ukatoka, tope likamomonyoka, kiota kizima kikamwagika. Kunguru akabaki na miiba yake, na mvua ikaanza.

Korongo akasema Mnana ameshinda. Mnana hakungoja kusikia mengine, alikwishapaa, akafuma huku amelowa chepechepe. Mayai yaliyobaki yakapona. Lile moja halikurudi.

Tangu hapo Kunguru hulala kwenye vijiti na miiba, hakuna anayemfundisha.

Funzo ni hili: ukipewa kitu cha wote, usifute majina ya waliokitengeneza ukakiita chako. Na hakimu asicheleweshe haki, maana mayai hayangoji. Msicheke. Nasikia hata watengenezaji wa programu za kompyuta, wanaogawiana kazi bure, hushtakiana kwa jambo hilihili.

Hadithi imepita. Mlango uacheni wazi, wengine nao wanaitaka.