Mbao Zilizopendwa na Mchwa

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa nyumba isiyo na ukuta!
Basi sogeeni huku, mtanyeshewa.

Hapo kale Sange, yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua ndefu, alikuwa na watoto wawili na ukuta mmoja mbovu. Ulikuwa ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua. Ukiugusa, puu! unga. Na mvua za masika zilikuwa karibu, na watoto walilala ubavuni mwa ukuta huo huo.

Sange akatafuta mbao. Akapata za mvule, za kahawia, nzito. Kobe alizibeba mgongoni moja moja, na alipokaribishwa uji akasema ameshiba, ingawa tumbo lake lilisikika likinguruma. Akapata na za msufi, nyeupe, nyepesi, za kitanda cha ndani.

Kumbe Nyani anaona! Nyani alikuwa na nguvu, na alikuwa na tamaa. Mwaka uliopita alichukua mlango wa Kobe, Kobe mwenyewe akiwa ameuegemea.

"Hodi! Nyumba yangu inavuja. Nimefuata mbao."

"Shikamoo, Bwana Nyani. Unaazima?"

"Marahaba. Nachukua."

"Unachukua zipi?"

"Zilizo nzuri."

"Nzuri ni zipi?"

Nyani akajikuna matako. Hakujua. Matako nayo hayakujua.

Sange akawatazama watoto wake. Mvule ukienda, watoto watalowa.

"Tuwaulize mchwa," akasema. "Wamekula nyumba za babu zangu wote. Mbao wanazijua kuliko fundi."

Akaweka vipande viwili juu ya kichuguu, cha mvule na cha msufi. Wakakaa, wakatazama. Mchwa wakaja kwenye mvule, wakanusa, wakapita. Wakaja kwenye msufi: kwaru, kwaru, kwaru!

Nyani macho yakamtoka. "Ona wanavyougombania!"

Sange akajitupa chini. "Bwana Nyani, chukua vyote, hata sufuria, ila niachie hizi nyeupe!"

"Sikuachii!"

"Niachie nusu!"

"Sikuachii!"

"Niachie hata kipande cha kulilia!"

"Lilia hicho cha kahawia!"

Akabeba msufi wote, akaenda zake mbio.

Sange akafuta machozi, akamwita Kobe. Wakapigilia mvule ukutani, ko, ko, ko, mpaka hata upepo ukakosa pa kupita.

Mvua ikashuka. Kwa Nyani, mchwa walianzia chini, mvua ikaanzia juu, wakakutana katikati. Nyumba ikaanguka, pwaa! Nyani akaja kwa Sange akitetemeka, amelowa mpaka matako. Sange akamfungulia, akampa uji wa moto na kanga kavu ya kujifunika.

Nyani akaukagua ukuta juu mpaka chini. "Mchwa hawaji hapa?"

"Hawaji, Bwana Nyani. Hata mmoja."

Nyani akatikisa kichwa kwa huruma. "Pole sana, dada yangu. Kwangu walikuwa wanajaa."

Watoto wakaingiza vichwa ndani ya shuka wasionekane wanacheka.

Ngano yangu imefika mlangoni. Anayeingia afute miguu. Na funzo lake, wanangu, ni hili: msiwe wachoyo. Mwenye nguvu akija kuwanyang'anya, mpeni kile hasa anachokitaka. Tena msiseme uongo. Sange alisema kweli tupu, na mchwa ni mashahidi.