Mayai ya Mjane na Mikono Miwili ya Kenge

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiezeka nyumba zao kwa makuti na kuposana kwa barua, kulikuwa na Jumatano moja, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Rajabu. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi. Kumbukeni saa hiyo.

Bi Tetea alikuwa kiotani, katika chumba chake cha uani, analalia mayai tisa. Ndiyo kwanza aanze. Alfajiri ile ile, baada ya kuswali, alitia nia, akasema Bismillahi, akayakalia. Huko nje mumewe, Bwana Jogoo, akapanda juu ya kinu kuwaamsha watu kama desturi yake.

"Kokoriko..."

Bi Tetea akangoja amalize. Hakumaliza.

Alishuka kiotani, akatoka mbio. Mume hayupo. Chini ya upenu palikuwa na manyoya matatu mekundu, na kando yake mchangani palikuwa na mistari miwili myembamba, imekwenda sambamba mpaka kwenye majani, kama mtu aliyeburuza uma mrefu.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Bi Tetea.

Akalia. Lakini mama wa watoto tisa halii muda mrefu. Mayai yalikuwa yanapoa. Akachukua ungo wake mkubwa, akafunika mistari ile pamoja na manyoya, akaweka jiwe juu. Kisha akarudi kiotani.

Matanga yakawekwa. Punda alikuja, Mbuzi akaja, Kanga na wanawe wakaja. Bwana Kenge ndiye aliyelia kupita wote.

"Uuuwi! Kaka yangu Jogoo! Nani ataniamsha sasa mimi? Uuuwi!"

Alikuja na kanzu safi, na mkia wake mrefu ameukunja, ameubana kwapani. Hakuuacha uguse chini hata mara moja.

"Mwone alivyo na adabu!" Bi Bata, jirani wa Bi Tetea, akamnong'oneza shoga yake. "Hata mkia hataki uchafue uwanja wa msiba. Kwak! Na sisi tunakanyaga tu."

Bi Tetea alikuwa nyuma ya mkeka uliotundikwa mlangoni, kwa kuwa mjane wa eda haonekani na wageni. Akachungulia kwenye tundu. Punda ameuachia mkia wake. Mbuzi ameuachia wake. Kenge peke yake amekumbatia wa kwake kama mtu aliyebeba mtoto wa kuiba.

Lakini angemwambia nani? Jumbe wa kijiji alikuwa Fisi, na Fisi na Kenge walikuwa wakila sahani moja.

Siku zikaenda. Bi Tetea alilalia. Alishuka mara moja kwa siku, adhuhuri, akala punje mbili tatu, akanywa maji, akarudi. Aligeuza mayai kwa mdomo, moja moja, asubuhi na jioni. Kifua kikamnyonyoka, miguu ikamfa ganzi. Kazi hiyo, wanangu, mwanamume haioni, maana anayeifanya ameketi.

Jumatano ya pili yake, siku ya kumi na nne, akasikia mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibuni, lakini mwishie barazani. Mimi ni mtu wa eda."

Alikuwa Jumbe Fisi, kilemba kichwani. Nyuma yake Bwana Kenge, mkia kwapani.

"Pole tena, shemeji," akasema Fisi. "Tumekuja kwa jambo la heri. Marehemu aliacha usia."

"Usia? Kwa nani?"

"Kwangu mimi," akajibu Kenge, akijifuta jicho kavu. "Aliniambia, 'Ndugu yangu, nikifa, mayai yangu uyachukue wewe uyalee.'"

"Alikwambia lini?"

"Jumanne ile, jioni."

"Jumanne jioni mume wangu alikuwa hapa, ananichimbulia mchwa."

"Basi ilikuwa Jumatatu."

"Jumatatu alikuwa na homa, hakutoka."

"Shemeji!" Fisi akagonga bakora yake sakafuni, ko! ko! "Usibishane na wanaume. Mjane hana kauli juu ya mali ya marehemu."

Manyoya yakamsimama Bi Tetea. "Mali? Mali gani? Hawa ni wanangu!"

"Mtoto ni akishatoka," akasema Fisi. "Akiwa bado ndani ya ganda, ni mali."

Mmesikia? Maneno hayo alitamkiwa mama, kifua kimemnyonyoka kwa kuwalalia hao hao, na mume wake hana hata kaburi la kulisomea Fatiha! Mimi hasira hunipanda mpaka leo nikifika hapa. Lakini Bi Tetea hakupiga kelele. Alimtaja Mola wake, akasema taratibu:

"Jumbe, nipe siku saba. Na mnipe na haki ya mama. Mtoto hupokewa mbele ya watu, kwa mikono miwili. Desturi hiyo mnaijua?"

"Nani asiyeijua?"

"Na mlezi wa kweli huwajua wanawe. Nitaweka vikapu viwili. Kimoja kina wana wa Jogoo, kingine hakina. Bwana Kenge atachagua. Atakachochagua ndicho chake, akibebe aende nacho. Kitakachobaki ni changu, na hatakanyaga tena uwanja huu."

"Na akikosea?"

"Jumbe, si ndiye aliyepewa usia? Atakosea vipi?"

"Hiihiihii!" Fisi akacheka. Kenge naye akavimba shingo.

"Mimi nikosee mayai? Mayai mimi nimeyala... nimeyalea tangu utoto wangu!"

"Basi Jumbe apige muhuri," akasema Bi Tetea.

Fisi akapiga muhuri wake kwenye jani la mgomba, pa! Walipokuwa wakiondoka, Bi Tetea akamsikia Kenge akinong'ona, "Siku saba si kitu. Yatakuwa na nyama ndani."

Jioni hiyo Bi Tetea akamwita Bi Bata.

"Shoga, yale mayai yako uliyoyataga mwezi uliopita yako wapi?"

Bi Bata akaona haya. Yeye, kama mjuavyo, hutaga popote anapokatwa na uchungu, kisha huenda zake kuogelea. "Yapo, dada. Mengine kisimani, mengine chini ya mihogo. Mimi na kulalia wapi na wapi? Kiuno changu hakitaki. Lakini hayo yameshakuwa viza! Ukiyatikisa yanacheza ndani kama kibuyu cha maji."

"Hayo hayo ndiyo ninayoyataka. Yaokote yote. Yaoshe kwa jivu mpaka yang'ae. Na polepole, yasikupasukie."

Bi Bata akafumbua mdomo. "Utasema uongo, Bi Tetea? Nawe uko edani?"

"Sitasema uongo hata mmoja. Nitasema kweli tupu, nao hawatanisikia. Kikapu hicho kiwe kikubwa, Bi Bata. Kiwe kizito. Kisibebeke kwa mkono mmoja."

"Kwa nini kisibebeke?"

"Utaona."

Jumatano ikafika, tarehe tatu ya Shaabani, siku ya ishirini na moja ya kulalia. Watu wakajaa uwanjani. Bi Bata akatoa vikapu, akaviweka mbele ya mlango. Kimoja kidogo: mayai tisa, madogo, ya rangi ya udongo, yamechakaa kwa kugeuzwa. Kimoja kikubwa: mayai kumi na sita, manene, meupe, yanang'aa kama vikombe vya harusi.

Bi Tetea akasema kutoka nyuma ya mkeka: "Bwana Kenge, kimoja kina wana wa Jogoo, kingine hakina. Kabla hujachagua, inama utege sikio. Mtoto aliyekaribia kutoka huzungumza na mlezi wake."

Kenge hakuinama. Ulimi ulikuwa ukimtoka na kuingia, fyu! fyu! Macho yako kwenye meupe.

"Jogoo alikuwa bwana mkubwa. Wana wa mkubwa ni wakubwa! Nataka hiki."

"Umetega sikio?"

"Sikio la nini? Macho ninayo."

"Usiwe na haraka. Ukubwa wa yai si uhai wake. Nakuuliza tena: hicho?"

"Hicho, mama wee! Hicho hicho!"

"Chukua tuondoke," Fisi akamnong'oneza, mate yanamdondoka.

"Basi kipokee," akasema Bi Tetea, "kwa mikono miwili."

Kenge akanyoosha mkono mmoja. Wa pili umebana mkia. Akainua. Kikapu kikalala upande, mayai yakabingirika, kidogo yamwagike.

"Miwili!" akapiga kelele Mbuzi. "Mee! Mtoto hapokewi kwa mkono mmoja!"

"Miwili! Miwili!" watu wote wakaitikia.

Kenge akautazama mkia. Akayatazama mayai. Akautazama tena mkia. Mayai yakashinda.

Akauachia. Akakikumbatia kikapu kwa mikono miwili, akaanza kuondoka upesi upesi, na mkia nyuma unaburuzwa mchangani: chwaaa, chwaaa.

Hapo, kwenye kikapu kidogo, kukasikika sauti. Tik. Tik, tik. Ganda likapasuka.

"Piyo!"

"Amezaliwa!" akalia Kanga. "Amezaliwa mwana wa Jogoo!"

"Piyo! Piyo, piyo!"

Fisi akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Kenge! Mpumbavu wewe! Umebeba nini?"

Kenge akageuka naye kwa ghafla, mayai yakagongana.

Pwaa!

Likapasuka moja. Pwaa! Pwaa! Yakafuata mengine. Wanangu, harufu ile isikieni hivi hivi, msiombe kuinusa. Kanzu ya Kenge ikawa kijani. Kilemba cha Jumbe Fisi kikatota, kikamteremkia machoni. Kanga akaziba pua kwa mabawa yote mawili.

Watu wakaangua kicheko. Bi Tetea hakucheka.

"Punda," akaita, "ondoa jiwe lile chini ya upenu. Inua ungo."

Punda akaondoa jiwe, akainua ungo. Kicheko kikakatika. Yalikuwepo manyoya matatu mekundu, na kila mtu aliyajua. Kando yake mistari miwili. Punda akatazama ile mistari, kisha akatazama nyuma ya Kenge, pale alipopita sasa hivi. Mistari miwili, myembamba, sambamba. Ncha ya mkia wa Kenge ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Vifaranga vikaendelea: piyo, piyo.

"Ni... nilipita tu siku moja," akasema Kenge. "Nilikuja kumsalimu."

"Saa moja kasorobo asubuhi ulikuja kumsalimu," akasema Bi Tetea. "Ukamkuta yuko juu ya kinu, anaamsha watu, na wewe ukiwa mmoja wao. Hukumwacha hata amalize. Kisha ukaja kwenye matanga yake ukala wali wangu! Ukalia kuliko mimi! Siku ishirini na moja umebana mkia kwapani, na nyumba nzima inakusifu kwa adabu. Halafu ukawataka na wanawe. Huna haya, Kenge? Huogopi hata Aliyekuumba?"

"Mimi huyu simjui!" akadakia Fisi, anapangusa macho. "Sijawahi kumjua!"

"Humjui?" Mbuzi akainua jani la mgomba juu. "Na muhuri huu ni wa nani, wa bibi yangu?"

Punda akamsogelea Kenge. Aligeuza mgongo, akarusha teke. Paa! Kenge akaruka hadi kwenye matope ya mtoni, na huko ndiko anakoishi mpaka leo, tumbo chini. Fisi hakungoja zamu yake. Alikimbia akichechemea, kilemba kimemzonga miguuni, na cheo chake cha ujumbe kikaishia hapo.

Bi Bata akavipeleka vifaranga ndani, mpaka nyuma ya mkeka. Bi Tetea akavihesabu kwa mdomo, kwa kuvigusa kimoja kimoja. Tisa. Ndipo akalia kilio chake cha mume, kirefu, kile alichokuwa amekiahirisha, na vifaranga vikamwingia chini ya mbawa.

Eda yake ikatimia, miezi minne na siku kumi. Asubuhi yake Bi Tetea akaoga, akavaa nguo safi, akawa anafagia chumba. Ilikuwa saa moja kasorobo. Akamsikia mtu anapanda juu ya kinu. Alikuwa mwanawe wa kwanza, shingo nyembamba, upanga wa nyama kichwani haujakomaa.

"Kokoriko..."

Bi Tetea akasimama na ufagio mkononi. Akangoja.

"...kooo!"

Akamaliza. Mama yake akaendelea kufagia.

Wanangu, dhalimu mwenye tamaa hahitaji kutegewa kwa uongo. Mwambie kweli mbele ya watu, na mikono yake mwenyewe itamfichua.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bwana Jogoo, ampe nuru huko aliko hata kama hana kaburi. Na awarehemu wote walioondoka kabla hawajamaliza walilolianza, wa kwenu na wa kwangu. Amin.