Pingu Moja Haifungi Kijiji

Pingu moja haifungi kijiji. Methali hii mliisema juzi mwenzenu alipoonewa, nanyi hata hamjui ilikotoka. Basi tulieni, chimbuko lake ni hili.

Zama za Mkoloni, kijijini Mavumo katika milima ya Upare, Bwana Shauri, yule Mzungu mtawala wa wilaya, aliamuru kila nyumba itoe mtu wa kuchimba barabara bila ujira, na mvua ya kupandia ndiyo kwanza imeanza. Mjane mmoja, Nakijwa, akakataa.

"Mbegu hainisubiri," alimwambia askari Kibacha. "Au wanangu watakula kokoto?"

Kibacha akamtia pingu, akampeleka bomani kungoja kifungo cha mwezi mzima. Nakijwa alimtania njia nzima, lakini moyoni aliliona shamba lake limegeuka pori na wanawe wanalala na njaa.

Huku nyuma baragumu likalia. Kwa Wapare, baragumu la msaragambo likilia, kila mtu hubeba jembe akamsaidie mwenye kazi, wala harudi mtu nyumbani kabla kazi haijaisha. Safari hii mwenye kazi ni Nakijwa, na kazi yenyewe kifungo.

Bwana Shauri alipoona umati umefurika uwanjani pa boma, alidhani vita. Watu wakalaza majembe chini, wakaketi, wakanyoosha mikono.

"Mnataka nini?"

"Kufungwa, Bwana," alijibu mzee Senkondo, mpiga baragumu. "Barabara tumeikataa sote."

Kibacha akakuna kichwa. "Bwana, pingu ninayo moja, na huyu mama ameshaivaa."

"Tutapokezana," alisema bibi kizee mmoja. "Nianze mimi, magoti yananiuma, nataka pa kulala."

Nakijwa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakuwa anajikaza. Bwana Shauri akafoka watawanyike. Hakuinuka mtu. Mafiga yakapangwa mbele ya ofisi, makande yakachemka. Vijiji vya jirani viliposikia, navyo vikaja na vyungu vyao. Kule barabarani hakukubaki hata mchimbaji mmoja. Walilala pale, wakaamka pale.

Asubuhi Bwana Shauri akamwita Kibacha. "Mfungue. Barabara ingoje mavuno, na atakayechimba atalipwa."

Nakijwa akasugua kifundo cha mkono, akamrudishia Kibacha chuma chake.

"Itunze, afande. Siku nyingine ukimjia mmoja wetu, ujue umetujia sote. Pingu moja haifungi kijiji."