Miluzi Mitatu ya Sihaba

Paukwa!
Pakawa!

Haya, tegeni sikio, wadogo kwa wakubwa. Hapo zamani za kale palikuwa na pimbi jike, jina lake Sihaba, mlinzi wa ukoo wake jabalini. Wenzake wakila chini, yeye hukaa juu, macho angani. Akimwona tai hupiga mluzi mmoja, fyuu, nao hujificha. Hatari ikipita hupiga mitatu, fyuu fyuu fyuu, nao hutoka kula.

Kunguru akauiga ule mluzi mmoja. Akiwaona wanakula tini, fyuu. Pimbi mbio mashimoni, kunguru anabaki anakula peke yake. Akafanya leo, akafanya kesho, akafanya keshokutwa.

Sihaba akachoka. Akawakusanya pangoni, akawanong'oneza kwamba ishara imegeuzwa: mmoja ni kutoka, mitatu ni kujificha. Akawaapisha wasimwambie yeyote asiyekuwamo pangoni siku ile.

Dada yake, Mwanzani, hakuwamo. Alikuwa ng'ambo ya bonde akimuuguza mama yao mdogo. Wenzake walipomkumbusha, Sihaba alisema atamwambia mwenyewe akirudi.

Mwanzani akarudi adhuhuri, akipitia majanini, Sihaba asimwone. Mara tai akatokea. Sihaba akapiga mitatu. Fyuu fyuu fyuu. Pimbi wote wakazama mashimoni. Mwanzani yeye akatoka majanini anakimbia, amefurahi, akasimama peupe. Kwake mitatu bado ilikuwa wito wa chakula.

Sihaba akaganda. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomwita dada yake kwenye kucha za tai. Apige mluzi tena? Upi? Akaacha miluzi, akapaza sauti:

"Dada, tai! Ingia ndani!"

Kunguru akasikia, tai akasikia, bonde zima likasikia. Mwanzani akaruka. Shwaa! Kucha zikampasua mgongo, lakini akatumbukia kwenye ufa wa jabali.

Sihaba akamfikia mle ufani.

"Nilisikia unaniita nile," Mwanzani akasema.

Sihaba akakaa analilamba lile jeraha, na kila akilitazama alishtuka upya, kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

Basi, wanangu na wakubwa zangu, funzo ni hili: ukibadilisha ishara ili adui asiielewe, usitulie mpaka umemwambia kila wako anayeitegemea. Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo ninapoitua.