Birika la Masista wa Namtende

Fundi anayewamba ngoma huishika ngozi kwa mikono yake mwenyewe, na mkono haukosi kuvuta upande wake. Kuvuta si kosa. Kosa ni kuvuta mpaka wenzako wabaki bila ngoma. Ndivyo alivyofanya Bwana Fredi.

Kijiji cha Namtende kiko juu ya mwinuko, si mbali na mlango wa Mto Ruvuma. Visima vyake vyote ni vya maji ya chumvi. Maji matamu yapo mahali pamoja tu: katika birika kubwa la mvua lililo chini ya ua wa nyumba ya masista. Nyumba hiyo ilijengwa kwa matumbawe na chokaa miaka sabini na mitano iliyopita. Tangu hapo, kila kiangazi, wanawake wa kijiji, karibu wote Waislamu, huingia kwa lango la nyuma wakateka maji. Hakuna sista aliyewahi kuwauliza wanateka kwa haki gani.

Mwaka huu nyumba ilijiandaa kwa jubilei. Fredi, mstaafu anayeishi Rahaleo mjini Mtwara, alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati, naye akajitolea kuandika historia ya majengo. Sista Doris, Mama Mkuu aliyehamia pale miezi mitano tu iliyopita, alimshukuru sana. Hakujiuliza nyumba ya kulala wageni ambayo Fredi alikuwa akiijenga ng'ambo ya ua ingepata wapi maji.

Siku ya kikao, Fredi alisimama barazani, akasafisha koo, akasoma:

"Birika hili lilichimbwa na kusakafiwa na marehemu babu yangu, Yohana, pamoja na mafundi wake. Wanakijiji waliruhusiwa kuteka kwa hisani tu. Baada ya jubilei lango la nyuma litafungwa, na maji yatavutwa kwa pampu kwa ajili ya wageni."

Salma, mfinyanzi wa vyungu, aliinuka kana kwamba amekalia kaa la moto.

"Bwana mwenyekiti, hapo umeruka. Sakafu ya birika waliitwanga wanawake. Bibi yangu Hamisa alikuwa mmoja wao. Hawakulipwa kitu. Waliahidiwa maji, wao na vizazi vyao."

"Dada Salma," Fredi alisema huku akicheka, "wewe finyanga vyungu vyako. Historia tuachie sisi tulioshika kalamu."

Wanakamati wakaangua kicheko. Sista Doris hakucheka, lakini aliuliza, "Mama Salma, una maandishi yoyote?"

"Bibi yangu hakujua kuandika, Sista."

"Basi nitashikaje neno tupu?"

Salma aliondoka amefura. Neno la Fredi lilikuwa tupu vilevile. Tofauti yake ni kwamba lilipigwa chapa.

Wiki iliyofuata alifika Hassani, fundi kutoka Mikindani, kufunga bomba la pampu. Bomba lilitakiwa kukaa chini kabisa, kwa hiyo Fredi akaamuru birika likaushwe. Jambo hilo halikuwahi kufanyika. Hata katika kiangazi kikali maji yalibaki yakifika magotini. Ilikuwa Oktoba. Kwa siku mbili maji matamu yalimwagwa mchangani, mbele ya wanawake waliosimama na ndoo mikononi.

"Huyu anamwaga maji au anamwaga makapi?" alifoka Mwanahamisi, jirani yake Salma. "Tupishe tukinge!"

"Msinichafulie ua, akina mama. Mvua iko njiani," Fredi alijibu bila hata kugeuka.

Siku ya tatu Hassani alikuwa chini akikwangua tope. Ghafla sauti yake ikapanda kutoka shimoni:

"Jamani! Nani kafinyanga chungu huku chini?"

Sista Doris alishuka kwa ngazi, Salma nyuma yake. Sakafu ilikuwa ngumu kama mwamba, nayo iligawanywa katika vipande. Kila kipande kilikuwa na safu yake ya nakshi: miezi michanga, meno ya samaki, michirizi ya mvua.

"Hizi zilichorwa chokaa ikiwa bado mbichi," Hassani alisema.

Salma hakuhitaji kuambiwa. Namtende kila ukoo wa wafinyanzi una nakshi yake, na huichora kwa kitana chake cha mpingo, ambacho mama humrithisha binti. Kuchora nakshi ya mwingine ni kama kujiita kwa jina lake. Alipanda ngazi, akakimbia nyumbani, akarudi na kitana cha bibi yake. Jino la tatu la kitana hicho lilikuwa limevunjika. Alikiweka juu ya michirizi iliyokuwa karibu na ukuta. Kikakaa kama ufunguo katika kufuli lake. Na penye jino lililovunjika, chokaa ilikuwa nyororo, haina mchirizi.

"Hili ndilo andiko la bibi yangu, Sista," alisema. "Uliniuliza."

Walihesabu vipande thelathini na kimoja. Jina la Yohana halikuwapo popote.

"Lakini babu yangu alikuwapo!" Fredi alipaza sauti kutoka juu.

"Alikuwapo," Salma akajibu. "Bibi alimsifu. Alibeba matumbawe kichwani kama wenzake. Ni wewe uliyempandisha cheo kaburini."

Sista Doris aliinamisha kichwa. "Mama Salma, nisamehe. Nilidai karatasi ilhali ushahidi ulikuwa chini ya miguu yangu." Kisha akamgeukia Hassani. "Fundi, toa bomba. Lango halifungwi. Na leo hii yaagizwe maboza ya maji kutoka mjini, kwa maana tumewamwagia watu haki yao."

Aliamua pia kwamba historia iandikwe upya, ianze na majina ya wanawake wale, yaulizwe kwa koo zenye nakshi hizo, na Salma ayasome siku ya jubilei.

Fredi alizikunja karatasi zake. Walipopanda juu, alimsogelea Sista, akanong'ona, "Sawa, majina yao yote yaingie. Ila la babu yangu litangulie."

Salma alimsikia, akamkazia macho. "Hata sasa, Bwana Fredi, bado unavuta?"

Hakika, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.