Mgongo wa Watasema

Hapo zamani, nguruwe wa porini walipokuwa wengi kuliko watu, palikuwa na kijiji kilichoitwa Itobela. Kijiji kizima kilikuwa na bunduki moja na mbwa wawili. Bunduki ilikuwa gobore la Mzee Kasanda. Mbwa walikuwa wa Mbula. Njaa ilikuwa ya wote.

Mbula alikuwa mama kijana wa mtoto mmoja tu, Milembe, aliyekuwa amezaliwa karibuni. Mume wake alikwenda kwenye machimbo ya chumvi na hakurudi. Alimwachia shamba la muhogo ukingoni mwa pori, na mbwa wawili wa tumbo moja. Mmoja alikuwa mweupe pee, jina lake Pamba. Wa pili alikuwa na rangi ya majani makavu, jina lake Watasema.

Pamba ndiye aliyekwenda windoni kwanza. Mzee Kasanda alimwona kutoka mbali, akacheka kwa furaha. "Huyu ndiye mbwa! Hata mimi na macho yangu haya mabovu siwezi kumkosea." Lakini nguruwe nao walimwona kutoka mbali. Walimwona kabla hajafika, wakamngoja, na dume lao likampasua tumbo kwa meno. Mbula alimbeba kwenye kanga kuukuu. Walipofika nyumbani alikuwa ameshakata roho.

Basi akaenda Watasema. Huyu alitambaa kwenye majani kama majani yenyewe. Nguruwe hawakumwona mpaka alipowafikia miguuni. Wakahangaika, wakatoka mbio mbele ya bunduki, na siku ile Itobela ikala nyama. Lakini Mzee Kasanda alikwenda moja kwa moja kwa Mbula. "Mama Milembe," alisema, "leo nimekaribia kumuua mbwa wako mara mbili. Nguruwe hawamwoni, na mimi simwoni."

Watu wakakaa, wakawaza, wakaweka utaratibu wa mambo matatu. La kwanza, Mbula atampaka Watasema udongo mweupe mgongoni, mgongoni tu, wala si ubavuni, na udongo huo auchanganye na mafuta ya nyonyo ili usioshwe na umande. La pili, Mzee Kasanda atasimama juu ya kichuguu. Aliye juu huona mgongo, naye nguruwe aliye chini huona ubavu. La tatu, Lugembe, ndugu wa mume wa Mbula, atamfuata mbwa kwa nyuma na kuliita jina lake kila anaposogea, ili mwenye bunduki ajue alipo.

Mgongo mweupe, kichuguu, sauti. Kwa mambo hayo matatu Watasema aliwinda miaka miwili, na hakuguswa hata unyoya.

Ila palikuwa na sheria moja ya tangu mababu, na kila mtu aliiogopa. Mtu akisababisha kifo cha mbwa wa windo, ataingia yeye kwenye majani mahali pa mbwa. Atatambaa, atawatoa nguruwe kwa mikono yake, mpaka mbwa mwingine apatikane na akue. Na ataingia mtu mmoja tu, si wawili, ili mwenye bunduki ajue ni mmoja wa kumwepuka. Waliowahi kuingia kwa sheria hiyo walikuwa wanne. Aliyetoka akitembea kwa miguu yake hakuwapo.

Mwaka wa tatu mvua ilikuwa kidogo. Nguruwe walikula mashamba yote ya Itobela, moja baada ya jingine, likabaki shamba la Mbula peke yake. Muhogo ule ndio ulikuwa chakula cha kijiji.

Asubuhi moja, umande ukiwa bado umelala, watu walipiga kelele kwamba nguruwe wameonekana. Mbula alikuwa amekesha. Milembe alikuwa amebanwa kifua, anapumua kama anayeburuza kitu. Mafuta ya nyonyo yalikuwa yamebaki kidogo kwenye kibuyu, na yote Mbula alikuwa amemchua nayo mtoto. Sasa Lugembe alikuwa mlangoni na Watasema alikuwa anatikisa mkia.

"Shemeji, fanya haraka! Wanamaliza!"

Mbula alichukua udongo mweupe akauchanganya na maji. Akampaka Watasema. Mgongo ukawa mweupe vizuri, ukapendeza. Alitaka kusema, "Leo hakuna mafuta." Hakusema. Alimfunga Milembe mgongoni, akawafuata kwenda kusimama kwenye muhogo wake.

Mzee Kasanda alikuwa juu ya kichuguu. Watasema aliingia kwenye majani. Lugembe akamfuata akiita, "Watasema! Huyo! Watasema!" Umande ukamlowesha mbwa, ukaosha udongo, na mgongo ukarudi rangi yake.

Mara dume kubwa likatokea kati ya Lugembe na shamba. Lugembe akanyamaza. Mzee Kasanda akalielekezea bunduki, akaona kwamba nyuma ya nguruwe, kwenye mstari uleule wa risasi, amesimama Mbula na mtoto mgongoni. Akateremka kichuguuni, akazunguka pembeni ili risasi iende upande mwingine. Sasa alikuwa chini na macho yake yaliona majani matupu. Majani yakatikisika. Akafyatua.

Mbula alisikia mlio, kisha akasikia sauti aliyoijua. Nguruwe hawalii vile.

Alipofika, Watasema alikuwa amelala ubavu. Mbula alimgeuza amtazame mgongo. Hapakuwa na weupe wowote, ila udongo kidogo uliobaki karibu na mkia. Aliufuta kwa kidole, haraka, kabla wengine hawajafika. Kisha akaona aibu kwa alichofanya, akaacha kidole chake wazi kila mtu akione.

Mwanangwa, ndiye mkubwa wa kijiji, aliwaita watu siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Mbwa alilazwa katikati.

"Nani atasema kwanza?" aliuliza.

Lugembe alisimama. "Aliyefyatua anajulikana. Moshi ulitoka kwenye gobore, haukutoka mdomoni mwangu. Mzee alipewa kichuguu asimame. Kichuguu kilikimbia?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha njaa.

"Kijana, una ulimi," alisema Mzee Kasanda. "Ungeutumia asubuhi. Miaka miwili umeita kama mwendawazimu, leo ndiyo siku ya kunyamaza? Ningesikia jina lake mara moja tu, nisingefyatua. Na mimi niliteremka kwa nini? Shemeji yako alikuwa nyuma ya nguruwe. Ningepiga kutoka juu, tungekuwa tunazika mtu na mtoto wake."

"Na mimi nilinyamaza kwa nini?" Lugembe alisema, na sauti yake ikapanda. "Lile dume lilikuwa linamtazama yeye! Ningepiga kelele, lingekimbilia wapi? Si kwa shemeji na mtoto? Nilinyamaza kwa ajili yake. Nilimpenda mbwa yule, lakini sikumpenda kuliko mtoto wa kaka yangu."

Mwanamke mmoja akasema kutoka nyuma, "Na huo mgongo mweupe uko wapi? Mbona hamuulizi mgongo?"

Wote wakamtazama Mbula.

Mbula hakuzoea kutazamwa. Alisimama, akasema kwa sauti ndogo hata Mwanangwa akamwambia, "Mama Milembe, tusikie na sisi."

"Nilimpaka udongo kwa maji," alisema. "Mafuta nilimchua mtoto. Nilijua umande utauosha. Nilitaka kusema, sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, msingekwenda. Na muhogo ungeliwa." Akamtazama mbwa, akasema tena, "Pamba alikufa kwa sababu alionekana. Huyu amekufa kwa sababu hakuonekana. Mimi sijui mbwa wa maskini azaliwe na rangi gani."



Mwanangwa alishika kichwa. "Mtu mmoja aingie," alisema, "na aingie leo. Akiingia Mzee Kasanda, gobore litashikwa na nani? Hakuna mwingine anayejua kulishindilia baruti. Akiingia Lugembe, nani atamfuata kwa nyuma na kumwita? Hakuna mwingine mwenye sauti ya kuvuka pori. Akiingia Mama Milembe, mtoto ambaye bado hajaachishwa ziwa atanyonya kwa nani? Wanawake wote wa Itobela wamekauka. Lakini asipoingia mtu, hakuna atakayekula, si mzee, si kijana, si mtoto."

Wakabishana. Wengine walisema mwenye bunduki, kwa kuwa risasi ni yake. Wengine walisema mwenye sauti, kwa kuwa neno moja lingetosha. Wengine walisema mwenye mbwa, kwa kuwa yeye peke yake alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua. Jua likapanda. Walikuwa bado wanabishana waliposikia kutoka ukingoni mwa pori mashina ya muhogo yakivunjika, moja, jingine, na jingine. Nguruwe walikuwa wamerudi mchana kweupe. Hapakuwa na mbwa wa kubweka.

Mzee Kasanda alishika gobore lakini hakunyanyuka. Lugembe alitazama miguu yake. Mbula alifungua kanga akamtoa Milembe mgongoni, akamnyoosha mbele yake kwa mikono miwili ili mtu ampokee. Mtoto alikuwa anapumua kwa shida, mafuta yanang'aa kifuani. Na katika watu wote wale hakuna aliyenyoosha mkono, maana aliyempokea mtoto angekuwa amemhukumu mama.

Amesimama vile, mikono inachoka, na muhogo unavunjika. Ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, semeni upesi kabla shamba halijaisha: aliyeishiwa mafuta akanyamaza, aliyeteremka kichuguuni, na aliyeacha kuita, wote watatu kwa ajili ya mtoto mmoja, je, nani alistahili kuingia kwenye majani?