Shimo Lililoita Mchana

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya watu wenye usingizi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mko nami. Watoto, sogeeni. Nanyi watu wazima mnaojifanya mmesindikiza watoto, tegeni masikio, maana hii ni yenu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na moto wao wenyewe, palikuwa na kilima. Chini ya kilima palikuwa na chemchemi. Ubavuni mwa kilima aliishi Bi Fuko na wanawe watatu. Macho yake hayakuona mbali, lakini masikio! Mchwa akikohoa chini ya ardhi, yeye husema, "Pole."

Kwa masikio hayo wanyama wakampa kazi. Hakuna aliyechimba shimo kubwa kabla Bi Fuko hajalaza sikio ardhini siku saba. Kisha humuuliza mchimbaji mara tatu: "Udongo wa kufukia uko wapi?" Mchimbaji humwonyesha udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na mbegu, umewekwa kando, umefunikwa majani. Akiridhika, hukanyaga tope. Unyayo wake ndio ruhusa.

Mwaka mmoja kipupwe kikaja kibaya. Watoto wa Swala wakatetemeka, meno ka-ka-ka. Ngiri, fundi wa kuchimba, akaibua jiwe jeusi kilimani. Akalitia motoni. Likawaka! Wanyama wakashangilia, wakaota moto mpaka migongo.

"Bi Fuko, tupe ruhusa," akasema Ngiri.

"Subirini siku saba."

Akalaza sikio. Siku ya tatu akasikia. Chini kabisa maji yalitembea, tiri, tiri, tiri. Na chini ya maji, kitu kikavuta pumzi. Huuuu.

"Bwana Ngiri, maji ya chemchemi yanapita humo humo penye jiwe jeusi. Na kuna kitu kinapumua."

"Ni tumbo lako, bibie! Umeshinda njaa siku tatu."

Wanyama wakacheka. Bi Fuko akaona haya. Hata hivyo akauliza, "Udongo wa kufukia uko wapi?"

"Tutafukia kesho."

"Udongo wa kufukia uko wapi?"

"Mama wee, watoto wa wenzio wanakufa baridi! Tutafukia kesho."

Siku saba hazikutimia, na swali la tatu hakuliuliza. Alichoka kuonekana mkorofi. Akakanyaga tope, akasema, "Chimbeni."

Wakachimba. Tifu! Tifu! Tifu! Udongo wa juu wakautupa bondeni, mvua ikauzoa. Shimo likapanuka, likafika mlangoni kwa Bi Fuko. Naye kila jioni alienda kuuliza, na kila jioni akajibiwa kesho.

Siku moja, jua likiwa utosini, chemchemi ikasema tiri. Ikanyamaza. Haikusema tena. Ndege wakaacha kutua kilimani, hata nzi wakahama.

Ngiri akashuka kuchukua jiwe la mwisho. Tifu. Tifu. Kisha kimya.

"Ngiri! Ngiriii!" wakaita wenzake.

Shimo likajibu kwa sauti ya Ngiri: "Tutafukia kesho."

Wakateremsha kamba. Ikarudi tupu. Wakaita tena. "Tutafukia kesho," likasema shimo, taratibu, kama mtu aliyelala. Wanyama walitawanyika mbio, hakuna aliyeaga mwenzake.

Bi Fuko naye akawapanga wanawe mstari, wakaondoka. Hawajafika mbali, shimo likaita tena. Safari hii sauti haikuwa ya Ngiri.

"Chimbeni," ikasema.

Ilikuwa sauti ya Bi Fuko mwenyewe.

Kitindamimba akasimama. "Mama, umo mle?"

"Mimi niko hapa, mwanangu."

"Chimbeni."

Mtoto akageuka, akaanza kuifuata. Hatua moja, mbili, tatu, akafika ukingoni, mguu mmoja hewani. Bi Fuko akaruka, akamdaka mguu wa nyuma, akamburuta hadi kifuani. Akalia. Alijua sauti ile hakuibiwa na mtu. Aliitoa mwenyewe.

Akawaficha wanawe mbali, akarudi peke yake. Akachota udongo kwa viganja, akaumwaga shimoni. Puu. "Chimbeni." Puu. "Chimbeni." Kila tonge la udongo, sauti ikapungua kidogo, kidogo tu.

Hajamaliza. Mkiona shambani vijilima vya udongo mpya, na aliyevitoa hamumwoni, ni yeye na kizazi chake wanatafuta udongo wa kufukia. Msivikanyage.

Basi jamani, anayetaka kuchimba aonyeshe kwanza namna atakavyofukia. Na aliyepewa kazi ya kuuliza, aulize mpaka swali la mwisho, hata akichekwa.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeifukia vizuri kwa udongo wake.